Taimingi ndogo za RAM na joto la Kigoma

Kompyuta ninayohariria video za harusi hapa Mwanga, Kigoma, haina kadi ya picha. Ina prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo AMD walianza kuiuza madukani Agosti 2021, na kila kinachoonekana kwenye skrini kinachorwa na Vega iliyomo ndani ya prosesa hiyo hiyo. Wakati naijenga, kadi za picha zilikuwa zimepanda bei dunia nzima, na kwa kipato cha studio ya harusi huku mwisho wa reli, kununua kadi kulimaanisha kuuza kamera. Nikaamua kubaki na prosesa na kuishughulikia RAM, memori ya muda ya kompyuta. Bado naifanyia kazi mashine ile ile, na nataka kueleza nilichojifunza kuhusu taimingi ndogo, yaani zile namba za muda wa kusubiri ndani ya RAM ambazo haziandikwi kwenye boksi, kwa sababu maelezo mengi ninayokutana nayo yanawalenga wacheza gemu wenye vyumba vya baridi. Mambo mawili yanayoamua kila kitu kwangu, joto na umeme, huguswa juu juu tu.

Kwa nini RAM? Kadi ya picha huja na memori yake. Hata kadi ya kawaida kama GTX 1650 yenye memori ya GDDR5 inapitisha GB 128 kwa sekunde, na haigawani na yeyote. Vega yangu haina chake. Inachota kwenye RAM ile ile ambayo prosesa inachota, na stiki mbili za RAM ya aina ya DDR4, kasi ya 3200, zikifanya kazi pamoja zinafikia GB 51.2 kwa sekunde, tena hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Ndani ya hizo kuna Windows, kuna DaVinci Resolve ninayohariria, kuna video yenyewe ya kamera mbili au tatu, halafu kuna Vega inayopaka rangi. Wote hao mlango wao ni mmoja. Ukipaka rangi kwenye picha ya bibi harusi na kichezeshi kikaanza kurukaruka, mara nyingi Vega haijashindwa kupiga hesabu, inasubiri kuletewa data.

Lazima niseme hapa kwamba taimingi si hatua ya kwanza. Kijana mmoja wa Katubuka alikuja na CPU yake, boksi zima la kompyuta, kwenye bodaboda, kaifunga kwa shuka ili isigongwe.

"Kaka, nasikia wewe unashusha taimingi. Nishushie na mimi, gemu linakwamakwama."

"Poa, mdogo wangu. Una stiki ngapi humo?"

"Moja. Ya GB 8."

"Basi tutafute ya pili kwanza, hayo mengine baadaye."

Alinuna kidogo, alitaka kuona mambo ya BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi. Lakini stiki moja ya 3200 ni GB 25.6 kwa sekunde, nusu ya mlango umefungwa, na hakuna taimingi duniani itakayourudisha. Alipopata ya pili tukaziweka kwenye sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha madabodi yake kinavyoelekeza, na gemu likatulia bila mimi kugusa kitu kingine. Pia kuna kuhakikisha kwamba XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye lebo, imewashwa. Nimekuta mashine nyingi mjini hapa zenye RAM iliyoandikwa 3200 zinatembea 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia BIOS tangu inunuliwe.

Baada ya hapo ndipo taimingi zinaanza kuwa na maana.

Stiki zangu ni Crucial Ballistix za mtumba, GB 8 kila moja, zilizotoka Kariakoo kwa basi ndani ya boksi la simu. Kwenye lebo zimeandikwa 3200 CL16; CL ni mapigo ya kloki ambayo RAM inasubiri kati ya kuombwa data na kuanza kuitoa. Kabla ya kugusa namba yoyote nilizisoma kwa programu ya Thaiphoon Burner, nikakuta chipu zake ni za Micron, toleo la E. Hatua hiyo naiona ya lazima kuliko zote. Lebo ya nje haikwambii chipu ya ndani ina tabia gani, na tabia zinatofautiana sana. Chipu za Samsung toleo la B zilizosifiwa miaka yote zinakubali karibu kila namba ikishushwa. Micron E zinakubali CL ishuke ukiziongezea volteji kidogo, lakini tRCD, muda wa kufungua safu ya data kabla ya kuisoma, hazitaki ishuke, hata uzibembeleze vipi. Mtu akinakili namba za Samsung B akaziingiza kwenye Micron E, mashine haitawaka, naye atadhani RAM yake ni mbovu.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba taimingi huhesabiwa kwa mapigo ya kloki, ilhali chipu inaishi kwa nanosekunde. RAM ya 3200 ina kloki ya megahezi 1600, kwa hiyo pigo moja ni nanosekunde 0.625, na CL16 ni nanosekunde 10. RAM ya 3600 ina pigo la nanosekunde 0.556 hivi, kwa hiyo CL18 ya huko nayo ni nanosekunde 10 zile zile. Nimeona watu wakiikimbia CL18 kwa sababu 18 ni kubwa kuliko 16. Mimi kila namba naigeuza kuwa nanosekunde kwenye daftari kabla ya kuamua chochote.

Nilipanda hadi 3600 kwa sababu kwenye Ryzen za namna hii kloki ya memori na kloki ya njia ya ndani ya prosesa, ile wanayoiita Infinity Fabric, zinatakiwa kwenda sambamba, na 1800 kwa 1800 ni mahali ambapo prosesa yangu inakaa bila kulalamika. Namba nne za mbele (CL, tRCD, tRP na tRAS) zikatulia kwenye 16-19-16-36, kwa volti 1.40. XMP yenyewe ilikuwa 1.35, na DDR4 ya kawaida ni 1.2. Hapo wengi huishia. Namba nne hizo ndizo zinazotangazwa kwenye boksi, ndizo watu wanazotambiana.

Lakini fungua ZenTimings, programu inayoonyesha taimingi zote za Ryzen, uangalie chini yake. Kuna namba nyingine zaidi ya ishirini, na nyingi huachwa kwenye kiwango cha tahadhari ambacho stiki yoyote ya bei ya chini kabisa ingeweza kukibeba. Ndizo hizo taimingi ndogo, na kwangu ndizo zilizoleta faida kubwa kuliko kuhangaika na CL.

Chukua tRRD_S na tFAW. Data ndani ya chipu ya RAM imepangwa kwenye safu, na safu lazima ifunguliwe kabla ya kusomwa. tRRD_S inasema kati ya kufungua safu moja na kufungua nyingine ya kundi jingine, subiri mapigo mangapi. tFAW inasema ndani ya dirisha la mapigo kadhaa, zisifunguliwe zaidi ya safu nne. Bodi yangu kwenye 3600 ilikuwa imeweka tRRD_S 5 na tFAW 38. Sasa piga hesabu: safu nne kwa mapigo matano matano ni mapigo 20. Chipu ingekuwa tayari kufungua safu ya tano baada ya mapigo 20, lakini tFAW inaizuia mpaka yafike 38. Karibu nusu ya dirisha ni kukaa bure. Hakuna anayeliona hilo kwenye boksi la RAM. Nilishusha tRRD_S hadi 4, tRRD_L (ya safu za kundi lile lile) kutoka 9 hadi 6, na tFAW hadi 16, yaani 4 mara 4 kamili, na Micron hizi zilikubali bila kuongezewa volteji hata kidogo. Vega inapopaka rangi inarukaruka sana kati ya safu, na badiliko hilo moja niliona tofauti yake kwenye kichezeshi cha Resolve kabla hata sijafungua programu ya kupimia.

tRFC ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Mwaka 1966 Robert Dennard wa IBM alibuni namna ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja, na hataza yake ikatoka 1968. Mpaka leo RAM tunazotumia zimejengwa juu ya wazo hilo. Uzuri wake ni kwamba inachukua nafasi ndogo mno. Gharama yake ni kwamba kapasita inavuja. Chaji iliyowekwa humo haikai, na kwa hiyo kila safu lazima isomwe na kuandikwa upya mara kwa mara kabla chaji haijafifia. Kiwango cha DDR4 kinataka kila safu ihuishwe ndani ya milisekunde 64. Kazi hiyo imegawanywa katika amri 8192, kwa hiyo amri moja inatoka kila mikrosekunde 7.8. Muda huo wa kati ya amri na amri ndio tREFI. Na kila amri ikitoka, memori inafungwa kwa muda fulani kama duka la Ujiji wakati wa swala: bidhaa zote zimo, mteja anasubiri barazani. Muda wa kufungwa ndio tRFC.

Kwa chipu za gigabiti 8 kiwango rasmi ni nanosekunde 350. Ukigawanya kwa 7800, yaani zile mikrosekunde 7.8 kwa nanosekunde, unapata karibu asilimia 4.5 ya muda wote memori imefungwa. Kwenye 3600, nanosekunde 350 ni mapigo 630, na ndiyo namba niliyoikuta kwenye bodi yangu. Samsung B nzuri zinaweza kushuka mpaka nanosekunde 160 hivi. Micron E haziwezi, zinagoma karibu na 290. Lakini kutoka 350 kuja 300 ni mapigo 540, na hiyo ni nafasi halali inayosubiri mtu wa kuichukua.

Nilishuka kidogo kidogo. Ilipofika 500, yaani nanosekunde 278, mashine iliwaka, nikaiacha ipige jaribio usiku kucha, asubuhi nikakuta haina kosa hata moja. Mtu wa nchi ya baridi angeandika 500 na kufurahi. Mimi nilirudia jaribio lile lile saa nane mchana.

Studio yangu ina paa la bati na dari nyembamba. Septemba, kabla mvua hazijaanza, jua la mchana likishalala kwenye bati lile, upepo wa ziwa haukusaidii kitu. Nilifungua TestMem5, programu ya kujaribu RAM, kwa mpangilio wake mzito wa anta777 Extreme, na pembeni nikaifanyisha Vega kazi nzito ili joto la prosesa lipande na lipuliziwe kwenye stiki. Haikuchukua muda, makosa yakaanza kuonekana. Stiki zile zile, namba zile zile, volteji ile ile. Kilichobadilika ni joto tu. Kapasita ikipata joto inavuja haraka zaidi, na muda wa kuihuisha ambao ulitosha usiku, mchana hautoshi. Watunga kiwango wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana chipu ikivuka nyuzi 85 wanataka amri za kuhuisha zitoke mara mbili zaidi, kila mikrosekunde 3.9.

Nikapandisha hadi 540. Mchana huo, na michana mingine iliyofuata, ikapita safi. Tangu hapo jaribio la usiku kwangu ni la kuchuja tu, la kuondoa namba mbovu mapema. Uamuzi unatolewa mchana, dirisha limefungwa, Vega inafanya kazi. Nimefunga pia feni ndogo ya zamani kwa kamba za plastiki ikipuliza moja kwa moja kwenye stiki. Haipendezi kuitazama, lakini ni feni ya bei ndogo iliyonipa nafasi ambayo volteji isingenipa.

Utaratibu wenyewe wa kupima nauheshimu kuliko namba. Nabadilisha kitu kimoja kwa wakati, naandika daftarini, napima. Hatua ya kwanza huwa ni MemTest86 kwenye flashi, kabla Windows haijawaka, kwa sababu RAM yenye makosa ikiwasha Windows inaweza kuandika uchafu kwenye faili za mfumo na usijue mpaka wiki inayofuata. Wakati wa majaribio SSD yenye kazi za wateja naichomoa kabisa, waya wake unaning'inia. RAM za kawaida hazina uwezo wa kujikagua na kurekebisha kosa. Biti moja ikigeuka wakati unanakili faili la GB 60 kutoka kwenye kadi ya kamera, hakuna taarifa itakayotokea. Faili litafunguka vizuri mpaka dakika ile ambayo baba anamkabidhi binti yake, hapo picha inakatika vipande vipande.

Kuna mama mmoja alinikabidhi kadi ya kamera mkononi akanishika na mkono wa pili, akasema, "Mwanangu, hii ni mara moja tu, haina marudio." Nikamwambia, "Nimekuelewa, mama, usiwe na wasiwasi." Maneno hayo siyasemi nikiwa na namba ambayo haijapita mchana. Na hata baada ya mashine kupita majaribio yote, kila kadi nikiinakili nalinganisha alama ya SHA256, ambayo hubadilika hata biti moja ikibadilika, ya faili la kwenye kadi na la kwenye diski kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows. Inaongeza dakika kadhaa. Siiachi.

Umeme nao una somo lake. Kila kompyuta inapowashwa, bodi hujipima kwanza na RAM ili kujua ishara zitapitaje. Ukiwasha upya mashine ambayo tayari ina joto na umeme, kipimo hicho mara nyingi kinapita kwa urahisi. Mashine iliyokatikiwa umeme kabisa, ikapoa usiku, ikawashwa asubuhi, hiyo ni hali nyingine. Nimeona mpangilio uliopita TestMem5 saa nyingi ukagoma kuwaka asubuhi: feni zinazunguka, skrini nyeusi, inajaribu, inazima, inajaribu tena. Kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki hilo linaweza kupita miezi bila kujitokeza. Huku linajitokeza wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo jaribio langu la mwisho ni la kuchomoa waya ukutani jioni na kuwasha asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Kwangu kilichotuliza ni kuacha Gear Down Mode, mpangilio unaoifanya RAM ipokee amri kwa nusu ya kasi ya kloki, ikiwa imewashwa badala ya kulazimisha 1T tupu, yaani amri kila pigo. Tofauti ya kasi kati ya hizo mbili ni ndogo mno, na mashine inawaka mara ya kwanza kila siku.

Bodi ikigoma kabisa, bisibisi inatosha: zima, chomoa waya, gusanisha pini mbili za kufuta CMOS kwa sekunde chache, au toa betri ile ya CR2032 usubiri. Mashine inarudi kwenye namba za kiwandani. Muhimu ni kujua pini hizo ziko wapi kabla hujaanza, usije ukazitafuta kwa tochi ya simu umeme umekatika.

Sasa faida. AIDA64, programu ya kupimia, ilionyesha muda wa kusubiri wa memori umeshuka kutoka nanosekunde 67 za XMP hadi 57. Namba hiyo inafurahisha macho, lakini mimi nakula kwa kazi. Filamu ya harusi nzima, kuanzia kanisani mpaka ukumbini, ikiwa imepakwa rangi na kusafishwa kelele za picha, ilikuwa inatoka kwa dakika 46. Sasa inatoka kwa dakika 41. Kati ya dakika hizo tano, kupanda hadi 3600 kulileta kama mbili, taimingi ndogo zikaleta zilizobaki. Kinachonisaidia zaidi hata ya dakika hizo ni kwamba video fupi ya mitandaoni, yenye rangi zote juu yake, inacheza fremu 25 bila kuruka wakati naihariri. Zamani nilikuwa nakadiria kwa macho mahali pa kukata, kisha narenda kipande ili nione kama nimekata kwenye mdundo. Sasa nakata nikiona. Jioni ya Jumapili, wakati maharusi watatu wanasubiri, hiyo ni tofauti ya kulala saa sita au saa tisa.

Kuna namba ambazo sikuona sababu ya kuzihangaikia. tRAS ukiishusha chini ya kiasi fulani haileti chochote kinachopimika. tCWL, mwenzake CL kwenye kuandika, nimeiweka sawa na CL nikaiacha hapo. tRDRDSCL na tWRWRSCL, nafasi kati ya kusoma na kusoma na kati ya kuandika na kuandika, zinastahili kuguswa, kutoka 5 kuja 4 zilinipa nyongeza ndogo lakini ya kweli kwenye kusoma na kuandika. tWR na tRTP, muda wa kusubiri kabla ya kufunga safu baada ya kuandika au kusoma, nilizishusha kiasi, sikuona tofauti kwenye kazi, nikaziacha zikiwa na nafasi ya kupumua.

Mzee mmoja fundi wa karibu na stesheni, ambaye ametengeneza kompyuta za mji huu tangu zile za skrini nene, aliniuliza nafanya nini na daftari lile. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kitu kinachofanya kazi usikichokonoe."

"Kweli, mzee. Hii ni yangu, ya mteja siigusi."

"Hapo sawa."

Na ndivyo ninavyofanya. Mashine ya steshenari inayochapa barua na kutoa kopi haipati chochote kutoka kwenye taimingi ndogo. Inapata hatari tu. Mashine ya duka inayotunza hesabu vivyo hivyo. Watu wa laptopu nawarudisha nyumbani kwa upole: BIOS za laptopu nyingi hazina mlango huo, na walichokuwa wanahitaji ni stiki ya pili. Yenye faida ni kompyuta inayochora picha kwa RAM, kama yangu, au yenye prosesa inayosubiri memori kutwa nzima, na mwenyewe akawa tayari kuipima mpaka mwisho.

Rafiki yangu wa Kasulu mwenye studio ya muziki anatumia prosesa ya Intel, na kule mambo yana mlango mmoja zaidi. Bodi nyingi za Ryzen za AM4, soketi kama ya kwangu, hazikupi nafasi ya kubadilisha tREFI. Intel inakupa, na ushauri unaozunguka ni kuiweka 65535, kiwango cha juu kabisa kwenye bodi nyingi. Tulikaa tukapiga hesabu. RAM yake ni 3200, kwa hiyo 65535 ni karibu mikrosekunde 41 kati ya amri na amri. Mara 8192, kila safu inasubiri milisekunde 335 badala ya 64. Kwenye chumba chenye kiyoyozi huenda chaji ikakaa muda huo. Kwenye chumba chake, kilichozibwa magodoro ukutani kuzuia sauti na kisicho na dirisha, sikumshauri. Tuliiweka 24960, mara mbili ya kawaida. Hapo memori inafungwa nusu ya mara ilizokuwa ikifungwa, na sehemu kubwa ya faida tayari imepatikana: ukitoka asilimia 4.5 unakuja 2.25, na yote yaliyobaki mbele, hata ukienda mpaka 65535, hayafiki asilimia 1.5. Aliipima mchana, milango imefungwa, ikapita.

Wanaojenga sasa wananiuliza kuhusu DDR5, kizazi kilichofuata DDR4. Kiwango chake kilitoka Julai 2020, volteji imeshuka hadi 1.1, na kila stiki imegawanywa njia mbili za biti 32. Inaweza pia kuhuisha sehemu ya memori huku nyingine zikiendelea kutoa data, kwa hiyo adha ya kufungwa imepungua. Lakini kirekebisha umeme kimehamia kwenye stiki yenyewe, nacho kinatoa joto pale pale chipu zilipo, na bodi za AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, sasa zinakupa mlango wa tREFI. Kuna pia watu wanaodhani ule urekebishaji makosa uliomo ndani ya chipu za DDR5 unawalinda na kila kitu. Unarekebisha kinachoharibika ndani ya chipu. Kinachoharibika njiani kati ya stiki na prosesa hauoni. Alama za SHA256 nitaendelea kuzilinganisha.

Mwenzangu wa Tabora, anayehariri video kule Isevya, ameshanunua ya AM5 na ananitumia picha za ZenTimings kila akibadilisha kitu. Namba zake za sasa ni nzuri, ila zote amezipima Juni, usiku. Tumekubaliana asinakili kadi ya mteja kwenye mashine hiyo mpaka apime tena Oktoba, saa nane mchana, feni ya dari ikiwa imezimwa.